Kilima cha Fuko

Mushagalusa alinipigia simu asubuhi nikichagua maharagi. Si mtu wa kuzunguka. "Faida, Nsimire alisha tuacha," alisema, na mimi nikaendelea kuchagua maharagi kwa mkono mmoja, mawe huku, mbegu kule, kana kwamba nikimaliza kazi ile maneno yake yatarudi yalikotoka. Hayakurudi. Mchana nilikuwa ndani ya gari linalotoka Uvira kwenda Bukavu, nimebanwa dirishani, na jambo la ajabu ni kwamba sikufikiri kabisa juu ya ugonjwa wake, uliokuwa mrefu na mbaya. Nilikuwa nafikiri juu ya mwaka tuliolala chumba kimoja huko Kasha, pembeni mwa Bukavu, mimi na yeye na vyura. Jinsi nilivyotoka Luhwindja hadi nikafika kwenye nyumba ile, na ukoo gani ulinituma kwa ukoo gani, sitaeleza; ni hadithi ndefu na haina chura hata mmoja. Itoshe kusema kwamba nilikuwa msichana mwoga, msafi kupita kiasi, mwanafunzi wa biashara, na mwaka ule nilipewa kitanda karibu na mtu asiyeogopa chochote chenye mkia au kisicho na mkia. Sijawahi kumpenda na kumstaajabia mtu kama nilivyomstaajabia Nsimire, na wakati huo nilimlalamikia kila siku.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko, na ukuta uliotutenga na saloni, yaani sebule, ulikuwa wa mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo kila lililosemwa saloni tulilisikia, na lililosemwa kwa sauti ndogo tulilisikia vizuri zaidi. Kulikuwa na harufu ya moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi, ikichacha kwenye pipa, na harufu ya udongo mbichi uliokuja na buti za Nsimire. Chini ya kitanda changu kulikuwa na valizi yangu ya nguo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na ndoo zenye vifuniko vilivyotobolewa kwa msumari, na kutoka humo zilisikika sauti ndogo za kukwaruza ambazo nilijifunza kulala nazo kama wengine wanavyojifunza kulala na mtu anayekoroma. Dirisha lilitazama kilima cha baba yake, papa Lwaboshi, malisho ya ng'ombe yaliyoanza nyuma ya migomba na kupanda hadi juu, yenye majani mafupi na vichuguu vya udongo mwekundu kila mahali. Vichuguu vile vilikuwa vya fuko. Wasiomjua, fuko ni mnyama mnene wa kukaa chini ya ardhi, macho madogo, meno ya rangi ya chungwa yanayotokeza hata akifunga mdomo, na kazi yake ni kuchimba na kula mizizi ya watu. Huko kwetu kila mwenye shamba la viazi anamchukia. Nsimire alikuwa amechagua kilima kile kwa kazi yake ya mwisho ya masomo, ile tunayoiita mémoire, na alikuwa akisema jambo ambalo hakuna mtu aliyetaka kulisikia, kwamba ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kisicho na fuko, ungetafuta vyura na mijusi mpaka uchoke, lakini hapa kwa baba yake walikuwa wa kila aina.

"Fuko njo propriétaire, mwenye nyumba," alinieleza siku ya kwanza, akivua buti. "Anachimba nyumba, akichoka anahama. Bengine banaingia. Chura, mujusi, nyoka, bote beko bapangaji."

"Na kodi?"

"Habalipe hata kidogo. Sawa na weye hapa kwetu."

Alikuwa na ulimi huo. Kazi yenyewe aliifanya kwa bidon, zile za manjano tunazochotea maji. Alizikata katikati, akazizika ardhini hadi midomo yake ikawa sawa na udongo, kisha akasimamisha kando yake ukuta mfupi wa bache, turubai la plastiki, uliopita kati ya vichuguu. Chura akitembea alikutana na bache, akaifuata ili apate mahali pa kupita, akatumbukia. Kila asubuhi kabla ya shule alipanda kutazama nani ametumbukia, akawaangalia, akawapima, akawarudisha. Kwa upande wa nyumbani kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. "Nsimire! Bidon yangu ya mafuta ya ngazi iko wapi?" mama yake, maman Mapendo, aliita kutoka jikoni, akitafuta mafuta yake ya mawese. "Iko kwa kazi, maman." "Kazi gani ya kufunga chura mu bidon? Bintu ya nyumba inaisha yote ku kilima!" Tulikula sombe, majani ya muhogo, na bugali tukisikia malalamiko hayo, na papa Lwaboshi alicheka kimya kimya akitazama sahani yake, maana mwanzoni alikuwa upande wa binti yake. Aliwaambia wageni kwamba mtoto wake anasoma hadi wanyama wa chini ya ardhi.

Nilipanda naye mara nyingi, nikisimama mbali. Aliniita kila alipopata kitu kipya, na alipata kitu kipya karibu kila wiki. Kulikuwa na chura wa kijani mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kulikuwa na mwenye miguu mirefu aliyeruka mpaka ukamsahau kabla hajatua, na yule mkubwa wa mabaka, mzito, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Kulikuwa na mjusi laini, anayeng'aa kana kwamba amepakwa mafuta, na nyoka mweusi mwembamba ambaye Nsimire alimzungusha mkononi akisema hana sumu, huku mimi nimeshafika kwenye migomba. "Shika tu, Faida. Ni baridi, basi." "Sishike." "Siku moja utashika." Hilo lilikuwa neno lake la kila siku, na jibu langu lilikuwa lile lile. Alipomaliza na mnyama alimrudisha kwenye shimo alilokuwa karibu nalo, kisha akaokota udongo laini na kumfunika kwa kiganja, polepole, kama unavyomfunika mtoto aliyesinzia. Hakumtupa hata mmoja. Nilikuwa nimeona watu wakiwatendea watu vibaya kuliko alivyowatendea wale vyura, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa macho mengine.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni kinyonga. Mitaani kwetu mwanamke akimwona kinyonga huhamia upande wa pili wa barabara, na maman Mapendo alikuwa akitaja damu ya Yesu. Nsimire alimleta mmoja chumbani ndani ya boksi lenye tawi, kinyonga wa kijani mwenye mstari ubavuni na tumbo limejaa. Nilitangaza kwamba nahamia saloni. Kabla sijahama, alasiri moja ya mvua, aliniita kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kinyonga alikuwa anazaa. Sikujua, na hadi leo wengi hawajui, kwamba wapo wasiotaga mayai. Alitembea juu ya tawi taratibu, na kila baada ya kitambo aliacha kitone chenye utando wa kunata, kitone kikakaa juu ya jani, kikatikisika, kikapasuka, na ndani yake akatoka kinyonga mzima, mdogo kuliko njiti ya kiberiti, akanyoosha mikono, akageuza jicho moja kututazama, akaanza kupanda. Mama yao hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimepiga magoti bila kujijua. Nsimire alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nilimshika mkono, mkono wake si wa kinyonga, na sikuhamia saloni.

Mvua zilipokaribia kuisha, Mugoli alivunjika mguu. Mugoli alikuwa ng'ombe mkubwa wa papa Lwaboshi, aliyempenda hadi kumwimbia akimkamua. Alikanyaga njia ya fuko, ardhi ikabonyea, mguu ukaingia hadi gotini na mwili ukaendelea mbele. Ilibidi achinjwe. Jioni ile tulikula nyama kuliko siku yoyote ya mwaka, na ilikuwa chakula cha huzuni kuliko vyote nilivyowahi kula pale. Mchuzi ulikuwa mzuri na hakuna aliyesema kwamba ni mzuri. Papa Lwaboshi hakugusa. Alisubiri tunawe mikono, ndipo akasema, "Saison sèche, kiangazi, ikifika, hii kilima tutaisafisha. Fuko yote. Moshi ya pilipili, dawa, mitego. Sitaki kuona hata moja." Nsimire alisema, "Papa, ukiua fuko, unaua bote." Akajibiwa, "Nitaua bote." Ni mtu mpole aliyesema hivyo, na hilo lilimtisha Nsimire kuliko kelele.

Hapo kulikuwa na jambo la pili lililolibana la kwanza. Mushagalusa, mwalimu kijana wa Bagira, alikuwa amekwisha kuomba kumwoa Nsimire, na wazee wa pande mbili walikuwa wanapanga mahari. Kwa Bashi, watu wa kabila letu, mahari ni ng'ombe. Mengine yote ni nyongeza. Na ng'ombe hao wangekuja kulishwa wapi kama si kwenye kilima kile? Tuliusikia mkutano wa wazazi wake kupitia zile mbao, sisi tumelala chali gizani tukitazama mabati. "Ba kwa Mushagalusa banasema habawezi kuleta ngombe ku kilima ya matundu," papa Lwaboshi alisema. "Banasikia habari ya Mugoli." Maman Mapendo akauliza, "Na kazi ya mutoto?" "Mutoto ataolewa. Chura hazitamuoa." Nsimire hakucheka. Aliniambia kwa kunong'ona kwamba anampenda Mushagalusa, kwamba anamtaka, na kwamba hajui afanye nini, maana siku ya harusi yake ndiyo itakuwa siku ya kuua kilima. Nilimwambia alale, ushauri wa watu wasio na ushauri.

Kisha kiangazi kikaja, na vyura wakanyamaza. Majani yalikuwa rangi ya mkeka wa zamani, vumbi liliingia hadi kwenye mswaki, na bidon zilikaa tupu. Niliamini wamekufa wote, na nikamwambia hivyo nikitaka kumfariji, kwamba basi hakuna tena cha kugombania. Alichukua jembe dogo akaniambia nimfuate. Juu ya kilima alichagua kichuguu kikuukuu, akafungua njia ya fuko iliyoachwa, akalala kifudifudi na kuingiza mkono hadi begani, uso wake umekandamizwa vumbini na macho amefumba. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoutoa mkono, kiganjani alikuwa na chura wa mabaka, mkavu, rangi ya udongo wenyewe, macho yamefungwa, hai. Chini huko, alisema, ardhi bado ina unyevu. Kuna na yule mjusi laini, amejikunja. Wote wamehamia kwa fuko kungoja. "Hiki njo nilikuwa natafuta," alisema. Alikuwa amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na nilimwona mzuri kuliko bibi harusi yeyote. Akamrudisha chura, akamfunika kwa kiganja.

Siku ya mahari walikuja wageni wengi, wanawake wamevaa vikwembe vipya, wanaume wamevaa koti licha ya jua. Tulipika tangu alfajiri, dagaa wa sambaza wa kukaanga, mchicha wa lenga-lenga, mbuzi, na kasiksi kwenye madumu. Wazee walizungumza kwa mafumbo, wakapatana juu ya ng'ombe, wakapatana pia kwamba kilima kitasafishwa wiki inayofuata ili ng'ombe waje. Ikabaki desturi moja. Kabla familia ya msichana haijapokea chochote, baba yake humsimamisha mbele ya wote na kumwuliza kama wanaweza kula mali ya watu hawa; maana wakila, hakuna kurudi. Msichana huinamisha kichwa na kusema ndiyo. Hakuna anayesema kingine. Ni swali linaloulizwa kila siku na jibu lake linajulikana, na watu huwa tayari na vigelegele mdomoni.

"Nsimire, binti yangu," papa Lwaboshi alisema, "tukule?"

Aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Mukule, papa. Mushagalusa namupenda. Lakini ngombe bakae mu bonde, na kilima ibakie na fuko. Kama fuko itauawa, basi musikule."

Kigelegele kimoja kilichowahi kutoka kilikatika katikati. Nilikuwa nimeshika sinia la sambaza na nilihofia nitaliangusha. Maman Mapendo alijifunika uso kwa kikwembe. Papa Lwaboshi alisimama pale na mkono wake bado umenyooshwa, uso wake umekuwa mgumu, na Mushagalusa, ambaye kwa desturi hana ruhusa ya kusema, alimtazama mchumba wake kwa namna ambayo nilimsamehe tangu siku ile makosa yake yote yatakayokuja. Mzee mmoja wa upande wao alianza kutafuta kofia yake. Aliyesema ni shangazi yake Mushagalusa, maman Cibalonza, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya sokoni. "Mungoje," alisema. "Miye wakati baliniuliza, nilisema ndiyo. Hata sikusikia swali. Huyu alisikia. Iko nini mu ile kilima?" Nsimire akasema, "Twende nikuonyeshe, maman." Na yule mama akasimama.

Basi tukapanda, harusi nzima, viatu vya kisigino vikizama kwenye udongo wa fuko. Nsimire alipiga magoti na kikwembe chake kipya, akafungua shimo. Hamna kitu. Akafungua jingine. Vumbi tu. Nilisikia watu nyuma yangu wanaanza kucheka kwa pua, nami, mwenye kuogopa vyura, nikamwomba Mungu chura. Akahamia kichuguu cha mbali zaidi, akalala kifudifudi mbele ya wakwe zake wote, akaingiza mkono hadi begani. Alikaa hivyo. Alipoutoa alikuwa nao wawili, yule wa mabaka na yule mwenye miguu mirefu, wamelala. Maman Cibalonza aliinama akashika magoti yake. "Bako bazima?" "Bazima, maman." "Bila maji?" "Beko bangojea mvua. Fuko asipokuwa, habana pa kungojea." Yule mama aliwatazama kwa muda, halafu akasema taratibu, bila sauti ya sokoni, "Sawa na siye." Akamgeukia kaka yake, baba yake Mushagalusa. "Tulikuya kuomba mwanamuke. Hatukuomba kilima. Ngombe zetu ziende mu bonde." Papa Lwaboshi hakusema ndiyo mara moja, alikuwa na heshima yake. Alimwamuru Nsimire azibe mashimo yote kwenye njia ya kupitisha ng'ombe, kwa mikono yake mwenyewe, kila mwaka. Akajibu, "Nitaziba." Ndipo wakala.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni, wiki chache baadaye, tukiwa mezani. Ilipopungua, kilima kizima kilianza kuimba, kwanza mmoja, kisha wote, hadi tukalazimika kupaza sauti kuombana chumvi. Papa Lwaboshi aliacha kula akasikiliza. Maman Mapendo alisema, "Nsimire, bapangaji bako banarudi," na tukatabasamu wote.

Nsimire aliolewa na Mushagalusa, akaziba njia ile ya ng'ombe kila mwaka hadi ugonjwa ulipomlaza. Alifundisha watoto wa watu, akawapandisha kilimani na bidon zao, na mimi niliondoka Kasha nikawa mwanamke wa hesabu na maharagi. Nilipofika safari hii sikuitambua njia. Nyumba zimepanda hadi migombani, zimezunguka pande zote, mabati juu ya mabati, na katikati yake kilima kimebaki na majani yake mafupi na vichuguu vyake vyekundu. Alikuwa ameomba azikwe chini yake kidogo, mwisho wa migomba. Tulikuwa katikati ya kiangazi, na vumbi lilikuwa lile lile.

Jeneza lilikuwa limeshafika, padri ameshafungua kitabu, na vijana walikuwa wanamalizia kunyoosha upande wa kaburi, jembe la mmoja wao lilipotoboa njia ya zamani ya fuko. Udongo uliporomoka, na pamoja nao akaanguka chura wa mabaka, macho yamefungwa. Kijana aliinua sepetu amrushe nje. "Acha!" Mushagalusa alisema. "Usimuguse. Mungoje, atatoka." Wimbo ukakatika. Padri akafunga kitabu akiwa ameweka kidole ndani yake. Tukangoja, umati wote, na chura hakutoka, kwa sababu wakati huo wa mwaka hawatoki, wanalala. Na aliyejua hilo pale alikuwa ndani ya jeneza. Yeye alijua hilo, na mimi.

Nilivua viatu. Kijana mmoja alinipa mkono nikashuka kaburini, na nguo yangu ya msiba ikabeba udongo wote wa upande ule. Nilimshika chura. Alikuwa baridi, basi, kama Nsimire alivyoniambia, na kitu kidogo kilikuwa kinadunda kwenye kiganja changu. Nililia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Walinivuta juu, nikapanda kilimani peke yangu na miguu mitupu hadi kwenye kichuguu kikuukuu, nikamweka ndani ya shimo, mbali kadiri mkono wangu ulivyoweza kufika, nikaokota udongo laini na kumfunika polepole. Kisha nikashuka, nikamwambia padri aendelee.